Tunakaa Bologna siku nane: twende wapi kwa treni na kurudi siku hiyohiyo?

*"Habari za kazi. Mwanangu wa kwanza anahitimu Chuo Kikuu cha Bologna katikati ya mwezi wa kumi, na mimi na mama yangu mzazi, mwenye miaka 71, tunakwenda kumpongeza. Tutafikia kwake, siku nane. Ukiondoa siku ya kufika, ya mahafali na ya kuondoka, zinabaki tano, na nimepanga kila siku twende mji mmoja kwa treni na kurudi jioni: Venice, Florence, Roma, Milano na Cinque Terre. Mama ana maumivu ya magoti, anatembea taratibu, lakini hataki kuachwa nyumbani. Rafiki yangu anasema ninunue pasi ya treni ili niokoe pesa, na kwamba tiketi zote zikatwe kabla hatujaondoka Dar kwa sababu nafasi hujaa. Mwingine amenitisha kwamba ukisahau kugonga tiketi unapigwa faini papo hapo. Hatuli nguruwe. Je, mpango wangu unawezekana? Na hiyo pasi ninunue?"*

Hongera sana, dada, kwa mahafali ya mwanao, na umfikishie Mama shikamoo yangu. Nianze na yale uliyouliza moja kwa moja. Pasi usinunue. Na miji mitano kwa siku tano, ratiba ya treni inaruhusu, ila magoti ya Mama hayataruhusu, na wewe mwenyewe ukifika siku ya tatu utakuwa unaamka kwa kujilazimisha. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakupa mpango ambao ningempangia mama yangu.

Naelewa kinachokusukuma. Umelipa nauli ya ndege kubwa, hujui kama utarudi tena, na ukifika nyumbani watu watakuuliza, "Mmefika Italia, Roma hamkuiona?" Wageni wengi ninaowapangia safari huja na orodha kama yako, na karibu wote wanahesabu kitu kimoja tu: muda wa kukaa ndani ya treni. Bologna hadi Roma kwa treni ya mwendokasi ni saa mbili na ushee. Ukiliangalia hilo peke yake, Roma iko karibu. Lakini hesabu tangu mlango wa nyumba ya mwanao. Nusu saa kufika stesheni, kwa mwendo wa Mama. Dakika ishirini kushuka hadi majukwaa ya mwendokasi, ambayo pale Bologna yako chini kabisa ya ardhi. Saa mbili na robo za treni. Kisha mtoke Roma Termini, mtafute basi au teksi. Mkiondoka nyumbani saa moja asubuhi, mtasimama mbele ya Colosseum kwenye saa tano, na ili mlale Bologna usiku huohuo kwa utulivu inabidi kabla ya saa kumi na mbili jioni mwe mmeshaanza kurudi Termini. Siku nzima imekatika, na sehemu kubwa ya nguvu za Mama imeishia njiani. Roma ni mji wa kulala angalau siku mbili. Kama hamlali, iacheni.

Cinque Terre nayo iondoe, tena bila majuto. Kutoka Bologna ni saa tatu au zaidi kwenda, kwa kubadilisha treni, na mkifika mnakuta vijiji vilivyojengwa kwenye miteremko mikali ya bahari. Kimoja kati ya hivyo vitano, Corniglia, kutoka stesheni hadi kijijini kuna ngazi zaidi ya 300. Watu husifia picha za pale, na ni kweli ni pazuri, lakini si pa mama mwenye magoti, wala si pa safari ya kwenda na kurudi.

Sasa tuje kwenye tiketi, maana hapo ndipo marafiki zako walipochanganya mambo. Wewe umezoea SGR yetu: tiketi ina jina na namba ya kiti, mizigo inakaguliwa, unafika stesheni mapema, na treni ikijaa imejaa. Ukidhani Italia yote iko hivyo, utatumia pesa na wasiwasi bure. Kule kuna treni za aina mbili, na kila aina ina sheria zake.

Aina ya kwanza ni za mwendokasi: Frecciarossa za Trenitalia, na Italo za kampuni nyingine. Hizi ndizo zinazofanana na ulizozoea. Kiti kina namba, tiketi ni ya treni ile na saa ile tu, na nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia na viti vinavyopungua, kama nauli za ndege. Kwa hizi rafiki yako amesema kweli: kata mapema. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishiwi pesa wala haibadilishwi, kwa hiyo ukichelewa umeipoteza.

Aina ya pili ni za mikoa. Kwenye ubao utaona *Regionale*, au *Regionale Veloce* zile zinazoruka vituo vidogo. Nauli yake inapangwa kwa umbali. Ukinunua leo, ukinunua mwezi ujao, ukinunua dakika kumi kabla ya kuondoka, ni ileile. Hakuna namba ya kiti, kwa hiyo tiketi haziishi. Kutoka Bologna kwenda Modena, Ferrara, Ravenna au Parma, kila mmoja wenu atalipa chini ya euro 10 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ndiyo maana nasema pasi usinunue. Pasi huanza kulipa pale mtu anaporuka miji mikubwa iliyo mbali kila siku, na hata hapo kwenye treni za mwendokasi hulipa tena juu yake kwa ajili ya kiti. Kwa safari fupi kama hizi itakugharimu zaidi ya tiketi zenyewe.

Ubaya wa treni za mikoa ni kwamba mnaweza kusimama. Saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi hujaa wafanyakazi na wanafunzi, na Ijumaa mchana na Jumapili jioni hujaa watu wanaorudi makwao. Ondokeni saa tatu au saa tatu na nusu. Mtakaa vizuri na Mama atakuwa amekunywa chai kwa raha.

Kuhusu kugonga tiketi, aliyekutisha hakudanganya, ila hakumaliza. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima igongwe kabla ya kupanda. Kuna vimashine vidogo ukutani au kwenye nguzo karibu na majukwaa: unaingiza ncha ya tiketi, unasikia mlio, inatoka imepigwa tarehe na saa. Angalia kama wino umeshika. Tangu hapo una saa nne za kumaliza safari. Sababu yake ni rahisi kuielewa: kwa kuwa tiketi haina namba ya treni, isipogongwa mtu angeweza kuitumia leo na kesho tena. Mkaguzi akikuta haijagongwa, kwake ni sawa na kusafiri bila tiketi, hata kama una sura ya mgeni asiyejua. Kama kimashine ni kibovu, msikae kwanza. Mtafuteni kondakta mara tu mnapopanda, mwonyesheni tiketi kabla hajawafikia. Hiyo huwatenganisha na anayekwepa.

Tiketi ya mwendokasi haigongwi, kwa sababu tarehe na treni tayari zimeandikwa. Na tiketi ya mkoa iliyo kwenye simu haina cha kugonga, ila ifungueni kabla ya kupanda na msome inachosema. Kama inaonyesha sehemu ya kuithibitisha, bonyezeni mkiwa bado jukwaani. Tiketi za simu hubeba jina la msafiri, kwa hiyo tembeeni na pasipoti zenu. Mwambie mwanao awanunulie kupitia programu ya kampuni, na awe makini: ukiandika "Modena", mara nyingine programu hukuwekea mbele treni ya gharama. Achague ya mkoa. Kwa Modena, treni za haraka zinaokoa dakika chache tu, na dakika hizo utazimaliza kwenye ngazi za umeme za stesheni.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo orodha yako imeliruka kabisa. Mwanao anasoma katika mji ambao pengine ndio bora Italia nzima kwa safari za namna hii, na sababu yake ina zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 187 kabla ya Kristo Warumi walichora barabara iliyonyooka kutoka Rimini, kwenye bahari ya Adriatic, hadi Piacenza, ikiambaa na miguu ya milima ya Apennine. Inaitwa Via Emilia, na mkoa mzima umechukua jina lake. Miji ilishikilia barabara hiyo mmoja baada ya mwingine: Rimini, Faenza, Imola, Bologna, Modena, Reggio, Parma. Reli ilipokuja karne ya 19 ilifuata mstari uleule. Bologna iko katikati ya mstari huo, na papo hapo reli za kwenda Venezia, Verona na Firenze zinakutana. Kwa hiyo mnakaa kwenye njia panda ya nchi, na pande zote kuna miji ya kale, tambarare, iliyo umbali wa dakika ishirini hadi saa moja na robo. Watalii wengi hupita juu yake kwa mwendokasi bila kushuka. (Kwenye ubao utaona Venezia na Firenze, si Venice na Florence. Nitayatumia hayo ili uyazoee.)

Anzeni na Ferrara au Modena siku ya kwanza, iwe safari ya kujaribu magoti na kujifunza stesheni. Ferrara iko nusu saa au zaidi kidogo, na mji ni tambarare kabisa. Wazee wa pale bado wanaendesha baiskeli kwenda sokoni. Katikati kuna ngome ya ukoo wa Este iliyoanza kujengwa mwaka 1385, imezungukwa na maji hadi leo. Kutoka stesheni pandeni basi au teksi, maana kutembea ni karibu nusu saa kwa mwendo wa Mama. Modena iko karibu zaidi, na kanisa lake kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1099, linafikika kwa miguu kwa taratibu. Kama mwanao ni mpenzi wa magari, jumba la makumbusho la Enzo Ferrari liko jirani na stesheni. Chagueni mmoja, msichanganye yote miwili.

Siku nyingine iwe ya Ravenna, na kwa hii sibembelezi, nasisitiza. Ni saa moja na robo hivi kwa treni ya mkoa, hakuna haja ya kukata mapema, na kutoka stesheni barabara ni tambarare moja kwa moja hadi mjini. Ravenna iliwahi kuwa makao makuu ya Dola ya Kirumi ya Magharibi katika miaka yake ya mwisho, kisha ikawa chini ya Wagothi, kisha chini ya Konstantinopoli, na kila mtawala aliacha makanisa yaliyofunikwa ndani kwa mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vidogo vilivyobandikwa ukutani. Majengo manane ya enzi hizo yameandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996. Kanisa la San Vitale liliwekwa wakfu mwaka 547. Ingieni, mketi kwenye benchi, mtazame juu: mfalme Justinian upande mmoja na malkia Theodora upande wa pili, kila mmoja na wafuasi wake. Vipande vya kioo na dhahabu havikupangwa vikalala sawasawa. Vimeinamishwa kidogo kidogo, kila kimoja kwa pembe yake, ili mwanga ukigusa ukuta uonekane unatembea. Sogeza kichwa hatua moja na dhahabu inahama. Mama akikaa pale nusu nzima ya saa, mwache akae, maana ndiyo faida ya kuja Ravenna.

Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi dogo la Galla Placidia, kwa nje ni jengo la matofali la kawaida kabisa. Ndani dari ni la buluu nzito lenye nyota za dhahabu, na madirisha ni ya jiwe la alabasta linalopitisha mwanga wa manjano. Kwa kuwa ni padogo, watu huingizwa kwa zamu na kwa dakika chache tu. Mkikata tiketi ya pamoja ya majengo hayo, ulizeni zamu ya Galla Placidia mapema ili msikute imejaa. Kaburi la mshairi Dante, aliyefariki Ravenna mwaka 1321, liko mjini humohumo.

Katikati ya juma wekeni siku ya kutokwenda popote. Najua utaona ni kupoteza siku. Lakini Bologna yenyewe hamjaiona, na ina vibaraza vilivyofunikwa juu vyenye urefu wa kilomita 62 kwa jumla, navyo viliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021. Mwezi wa kumi mvua huanza. Chini ya vibaraza hivyo Mama atatembea mji mzima bila mwavuli, na akichoka kuna pa kukaa kila baada ya hatua kadhaa.

Firenze ibakie kwenye orodha, na ndiyo safari pekee ninayokushauri uikatie tiketi ya mwendokasi mapema. Treni ya mkoa inakwenda kwa kubadilisha Prato na inachukua karibu saa mbili. Ya mwendokasi ni dakika kama 40, karibu zote ndani ya mahandaki chini ya Apennine, kupitia njia iliyofunguliwa Desemba 2009. Mwambie Mama mapema kwamba atakuwa gizani sehemu kubwa ya safari na masikio yanaweza kuziba, asishtuke. Hakikisheni tiketi imeandikwa Firenze S.M. Novella, kwa sababu Rifredi na Campo di Marte ni stesheni nyingine za mji huohuo, mbali na katikati. Tiketi ya kurudi iwe ya saa kumi na moja jioni au baadaye, na mfike stesheni nusu saa kabla. Msiende Jumatatu: jumba la sanaa la Uffizi na lile la Accademia hufungwa siku hiyo. Na msipange yote mawili. Chagueni Uffizi, ambako kuna lifti na viti, kateni saa ya kuingia kwenye mtandao, mwende kwa teksi kutoka foleni ya teksi nje ya stesheni. Mawe ya barabara za Firenze huchosha magoti kuliko ngazi.

Venezia ndiyo inayonipa shida kukushauri. Usafiri si tatizo: treni za mkoa za haraka huenda moja kwa moja kwa saa mbili hivi, na za mwendokasi saa moja na nusu. Shukeni Venezia Santa Lucia, si Mestre, ambayo iko bara. Mkitoka tu mlangoni mfereji mkubwa uko mbele yenu. Tatizo ni madaraja. Kila mita chache kuna daraja, na kila daraja lina ngazi za kupanda na kushuka. Kama Mama ameota Venezia maisha yake yote, mpeleke, lakini kwa njia hii: pandeni boti ya abiria namba 1 palepale mbele ya stesheni, mkae, mpite mfereji wote hadi uwanja wa San Marco. Ni kama dakika 45 za kuona majumba bila kutembea. Tembeeni uwanjani, mle, mrudi kwa boti hiyohiyo. Boti si ya bei rahisi. Tiketi ya dakika 75 ni karibu euro 10. Ile ada ya kuingia mjini kwa wageni wa siku moja, ambayo huenda umeisikia, mwaka 2024 na 2025 ilitozwa kwa siku maalumu kati ya Aprili na Julai. Hata hivyo mwanao aangalie kalenda ya mwaka wenu kabla hamjaenda. Lakini kama Venezia iliingia kwenye orodha kwa sababu tu kila mtu huitaja, nendeni Verona badala yake: kama dakika 50 kwa mwendokasi au saa moja na nusu kwa ya mkoa, basi kutoka stesheni hadi uwanja wa kale wa Kirumi, na mnazunguka mji bila ngazi nyingi. Milano ningeiacha. Ni mji mzuri, ila kati ya hii yote ndiyo inayofanana zaidi na jiji kubwa lolote mnaloweza kuliona kwingine.

Stesheni ya Bologna yenyewe inahitaji maelezo. Ubao wa *Partenze*, yaani wa kuondoka, huandika mwisho wa safari ya treni, si mnakokwenda ninyi. Treni ya Modena inaweza kuandikwa Piacenza au Milano, ya Ferrara ikaandikwa Venezia. Tafuteni kwa namba ya treni iliyo kwenye tiketi au programu, na saa ya kuondoka, mtaipata. *Binario* ndiyo namba ya jukwaa, na hapa angalieni kwa makini: kuna jukwaa 1 la kawaida, na kuna majukwaa yenye neno *Ovest* au *Est* nyuma ya namba, ambayo yako pembeni kabisa, mwendo wa dakika kadhaa. Namba 16 hadi 19 ndizo za chini ya ardhi, na lifti zipo. *Ritardo* ni dakika za kuchelewa, *soppresso* ni treni iliyofutwa. Saa za ubao ni za kuanzia 0 hadi 24, kwa hiyo 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku.

Saa kubwa iliyo ukutani upande wa nje msiifuate. Imesimamishwa makusudi kwenye saa nne na dakika 25. Ndiyo dakika ambayo bomu lililipuka ndani ya ukumbi wa kusubiria tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Ndani ya ukumbi huo pengo la ukuta limeachwa, na majina yao yameandikwa. Watu wa Bologna hupita hapo kila siku, na mkipita, simameni kidogo.

Kuhusu magoti, usimtegemee mwanao kumbeba bibi yake begani. Stesheni kubwa za Italia, Bologna ikiwemo, zina ofisi inayoitwa *Sala Blu* inayosaidia wazee na wenye shida ya kutembea: kiti cha magurudumu, kusindikizwa hadi kwenye behewa, na msaada wa kushuka kule mnakokwenda. Ni bure, ila huombwa mapema, angalau siku moja kabla. Mama atasema yeye si mgonjwa. Mwambie ni kwa ajili ya Firenze na Venezia tu, ambako umbali wa stesheni ni mrefu. Kwa treni za mkoa huenda msiihitaji, kwa sababu zile mpya, zinazoitwa Rock na Pop, zilizoanza kutumika mkoani hapo mwaka 2019, mlango wake uko karibu usawa wa jukwaa. Zile za zamani zina ngazi za kupanda. Rock ni ya ghorofa; kaeni chini. Na kama magoti ya Mama huvimba akitembea, daktari wake amwone kabla ya safari, aseme ni umbali gani kwa siku, nawe upange kwa jibu hilo, si kwa langu.

Chakula: mkoa huo unaishi kwa nguruwe, na hukaa mahali usipomtarajia. Tortellini za Bologna huwa na nguruwe ndani, na mchuzi wa nyama wa *ragù* mara nyingi pia. Mafuta ya nguruwe, wanayoyaita *strutto*, huwemo kwenye mikate kadhaa: mkate uliosokotwa wa Ferrara, *piadina* ya jadi, *gnocco fritto*. Ulizeni neno hilo hasa. Salama zaidi ni *cappellacci di zucca* za Ferrara, zilizojazwa boga, mkiomba za siagi na majani ya *salvia*, na samaki mkiwa Ravenna au Venezia. Jibini la Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kila mtu ataamua kwa anavyofuata.

Kuna jambo moja linaloweza kuvunja siku yenu, nalo ni mgomo, *sciopero*. Sheria inataka utangazwe angalau siku kumi kabla, kwa hiyo mwanao aangalie wiki mnayofika na tena kila jioni. Ukitangazwa, siku za kazi treni za mikoa huhakikishwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kwa siku ya namna hiyo ningebaki Bologna. Na siku yoyote ile, msipange kurudi na treni ya mwisho; pangeni ya kabla yake, ili ikifutwa muwe na nyingine. Treni ikifutwa, nendeni dirisha la tiketi mkazungumze na mtumishi ana kwa ana, msimsikilize anayewafuata kwenye mashine za tiketi akijitolea kusaidia.

Kwa sasa una mambo matatu tu ya kufanya. Kata tiketi za Firenze mkishajua tarehe ya mahafali. Omba Sala Blu kwa siku ya Firenze. Na kwa kuwa mnafikia kwa mwanao, mwambie aulize polisi, ofisi ya *Questura*, kuhusu taarifa ambayo mwenyeji anatakiwa kuitoa ndani ya saa 48 anapompokea mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Akaulize mwenyewe, kwa sababu karatasi wanazotaka atazijulia pale. Hizo tiketi nyingine zote, za Ravenna, Ferrara na Modena, mtazinunua asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kumuuliza Mama ameamkaje.